Dada Yetu Desimali, Mpimaji wa Gesi

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Tulimfuata wanne, sasa tumebaki wawili.

Alianza shule mwaka 1969. Alikuwa hodari wa kemia na mbishi wa kupindukia. Mama akimwambia, "Ongeza chumvi kidogo," yeye huuliza, "Kidogo ni ngapi?" Alihitimu stashahada ya maabara mwaka 1983.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye kiwanda cha gesi asilia. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, mitungi iliyofungwa minyororo ukutani, na mashine ya kutenganisha gesi. Alitufafanulia kwamba gesi ya kisimani ni mchanganyiko. Ikipitishwa kwenye mrija mwembamba mrefu, kila aina hutoka kwa wakati wake na kuchora kilima chake kwenye karatasi. Ukubwa wa kilima ndio kiasi chake. Methani ikiwa asilimia tisini na mbili nukta tatu moja, hakukubali mtu aseme tisini na mbili. Ndipo wenzake wakamwita Desimali.

Shemeji yetu alikuwa mwendeshaji wa visima, ndiye aliyemletea sampuli. Ya kwanza ilikataliwa. "Kaka, umeniletea hewa ya nje. Hukusafisha mtungi." Ya pili pia. Mara ya tatu akanung'unika, "Dada, si useme tu kama hunitaki?" Akajibiwa, "Ninachokataa ni sampuli." Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1988, wakajaliwa binti mmoja.

Januari 2006, kilima kidogo kilijitokeza kwenye karatasi za kisima cha nne. Ilikuwa gesi ya salfa, ile inayonuka yai viza, inayokula chuma, na ikizidi huua pua isiinuse tena kabla ya kumuua mtu. Kila wiki kilima kilikua. Dada aliisawazisha mashine kwa mtungi wa gesi ya kipimo kinachojulikana, akarudia mara tano. Jibu lile lile. Aliandika ripoti nne. Meneja akamwambia, "Mama, mashine yako imezeeka. Hatufungi kisima kwa ajili ya kajilima."

Nyumbani alimsihi mumewe aombe uhamisho. "Nisipoenda mimi, ataenda mwenzangu," shemeji alisema. "Naye ana watoto."

Tarehe 11 Oktoba, saa nne asubuhi, bomba la kisima cha nne lilipasuka. Shemeji alikuwa zamu na mwenzake; walifariki wote wawili.

Kwenye uchunguzi, ripoti za dada hazikuonekana kwenye faili. Alipeleka nakala, ziligongwa muhuri, kimya kikafuata. Baada ya wiki tisa kisima kilifunguliwa tena, na sampuli zake zikaletwa mezani kwake. Alizipima. Kilima kilikuwapo. Aliandika ripoti ya tano, na nyingine nyingi, hadi alipostaafu mwaka 2022. Hakuna iliyojibiwa.

Februari 2023 aligundulika na saratani ya ini. Wodini binti yake alimwambia, "Mama, ulijitahidi." Akageukia ukuta. "Nilijua miezi tisa, mwanangu. Kujua kwangu hakukumfaa baba yako kitu."

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa kumi alasiri.

Ameacha binti, mkwe, wajukuu wawili na wadogo zake wawili.

Pumzika, dada. Umechoka vya kutosha.