Gauni Lisilobana Mabega

Tunayemsindikiza leo, mama yetu, dada yetu na bibi yetu, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mkasi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, nyuma ya tanuri la matofali alikofanya kazi baba yake. Alikuwa kifungua mimba. Alipozaliwa mdogo wake wa kike, alimbeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni wa kwake.

Shule aliishia darasa la nne. Alisema mwalimu wa hesabu alimchukia. Mdogo wake alisema hakuna aliyemchukia, ila alikuwa akishona nguo za mwanasesere chini ya dawati.

Mwaka 1971 alijifunza cherehani kwa shangazi yake, kisha akafungua chumba cha kushonea, kati ya kinyozi na muuza mafuta ya taa. Hakikuwa na dirisha. Mdogo wake alikaa mlangoni akipima wateja kwa futi yake, marehemu alikaa ndani akikata vitambaa kwa futi yake.

Mwaka 1975 aliolewa na dereva wa greda, mtu wa utani, aliyefariki mwaka 2009. Alikuwa akisema mke wake hajakosea hata siku moja, labda siku ile alipomkubali yeye.

Sasa, futi ya marehemu ilichanika kwenye ncha ya mwanzo, penye namba moja. Akaikata, kipande cha upana wa vidole viwili, akasema atakuwa anaongeza mwenyewe kila anapokata kitambaa. Siku za mwanzo aliongeza. Baadaye akasahau, na nguo zikaanza kubana mabega.

“Mama Mkasi, hili ni gauni au pingu?” mteja mmoja aliuliza.

“Umenenepa, mwenzangu.”

Kwa mwingine, kitambaa kilikuwa kimesinyaa. Walipokwisha wa kulaumiwa, akamgeukia mdogo wake.

“Unapima kwa macho, na macho yenyewe yako kwa kinyozi!”

“Dada, hebu tuiangalie na futi yako.”

“Futi yangu ilianza kupima watu wewe bado unanyonya!”

Mdogo wake akakunja futi yake, akaondoka. Ilikuwa Juni 1988.

Tangu hapo nguo zikawakaa watu vizuri, maana marehemu alipima na kukata kwa futi ile ile, kosa likameza kosa. “Si mnaona?” alisema. “Nuksi imeondoka.” Nani angembishia? Mume wake alipotaka kumfuata shemeji yake, alikatazwa. “Mwenye kosa ni yeye. Aje mwenyewe.”

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Miguu ikavimba, akawa mtu wa ndani, kitandani na kwenye kiti cha cherehani, basi. Alilaumu ngazi, akamlaumu daktari, akamlaumu Mungu kidogo halafu akaomba radhi.

Februari 2024 alitaka kujishonea gauni. Binti yake akampima kwa futi mpya, yeye akakata kwa ya kwake. Alipolivaa likakwama mabegani. Kichwa ndani, mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Halipandi, halishuki.

“Mwanangu, utaniua humu!” sauti ilitoka ndani ya kitambaa. “Umenipima kwa macho!”

Maneno hayo aliyajua. Binti yake alikuwa ameshashika mkasi.

“Ngoja, usikate. Lete futi yangu, uilaze juu ya yako.”

“Mama, hii yako haina mwanzo.”

“Najua,” alisema humo humo gizani. “Niliukata mimi.”

Mdogo wake aliitwa, akaja siku ya pili yake.

“Shikamoo, dada.”

“Usiniamkie, mdogo wangu. Kosa lilikuwa la kwangu. Nipime.”

“Nikupime kwa macho?”

Walicheka mpaka mgonjwa akapaliwa. Kisha akapimwa, kwa futi ile ile iliyokunjwa mwaka 1988.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 14 Aprili 2024. Gauni alilolala nalo leo lilikatwa na mdogo wake. Alilijaribu akiwa hai. Aliinua mikono, akaishusha, akainua tena.

Aliagiza habari ya futi isomwe hapa, mbele ya wateja wake, hasa wale aliowaambia wamenenepa.

Ameacha binti mmoja, wajukuu wanne, na mdogo wake, aliyeagiza atajwe mwisho ili asikike vizuri.

Apumzike kwa amani, mabega yake yakiwa huru.