Ngozi Yangu Ingali Hai Korogwe

Asalaam alaikum kwa wenzangu wa msikitini, Bwana asifiwe kwa wa kanisani. Aliyebaki bila salamu achukue yoyote. Mwenyekiti kasema nisirefushe, na mnamjua.

Wengi mnanifahamu kwa maandazi yangu pale Manundu. Karai la mafuta ya moto liliponimwagikia, mguu huu ulibabuka kuanzia goti hadi kifundo. Hospitali wakasema watachukua ngozi ya paja waibandike chini. Sawa. Halafu akaja daktari wa utafiti, kijana mpole mno, akaomba kipande kitakachobaki. Eti watakikuza kwenye jeli.

Ndugu zangu, nawaambia, upole ule ndio ulionitisha. Mtu anaomba ngozi yako huku anatabasamu! Nikajiuliza, jeli ya nini? Ya nguruwe? Na ngozi ikishakua, atavalishwa nani? Kwetu Uziguani hata kucha tunafukia, asije mtu akazichezea. Nikajisemea, mumiani wa kunyonya damu siku hizi kavaa koti jeupe. Alfajiri nikatoroka, nikapanda basi la Handeni kwa mama.

Mama akanitibu kwa majani na asali. Kidonda kikaoza. Kilinuka hadi mwanangu akawa anakula nje, nami namwona, nalia kimyakimya. Mama ndiye aliyenivunja. Akasema, "Mwanangu, unaogopa kuibiwa kipande, na mguu mzima unakwenda."

Nikarudi Korogwe, lakini msidhani nilirudi na imani. Nilirudi na mashaka yangu yote. Nikampata muuguzi wa wodi, mama mmoja wa Kishambaa.

"Shikamoo, mama. Nikikataa kutoa ngozi, mtanitibu?"

"Marahaba. Kwa nini tusikutibu? Ukikataa, tunakutibu vilevile. Ngozi si yako?"

Kumbe! Nilikuwa nimekimbia kitu ambacho ningekikataa nikiwa nimelala kitandani!

Basi nikapata kiburi, nikadai nioneshwe hiyo jeli. Akanipeleka chumba cha utafiti. Inang'aa kama ute wa yai. Akaniambia imetengenezwa na watu kwa maji na kemikali, haina nguruwe wala mnyama yeyote. Nikauliza tena kwa maneno mengine ili nimnase. Hakunaswa. Kwenye hadubini nikaona seli za mtu mwingine zimejishikiza humo kama mpesheni unaotambaa kwenye kichanja. Wanazikuza hivyo wajue jinsi kidonda cha moto kinavyopona. Hakuna anayevalishwa.

Nikakubali, kwa sharti moja: wakimaliza, wanirudishie nikaizike. Yule daktari kijana hakucheka. Akasema sawa.

Mguu ulipona, nitazameni, nimesimama. Juzi nikaenda kudai ngozi yangu, nimebeba kitambaa cheupe cha kuifungia. Muuguzi akasema, "Bado inakua." Sikumwamini, nikachungulia mwenyewe. Kweli, inakua. Nikawaachia. Kwetu hatuziki kilicho hai.

Namshukuru mama yangu. Namshukuru muuguzi yule, na ninyi mlionisaidia kuuza maandazi yangu nilipokuwa sijiwezi. Sisemi msishuku, hata mimi bado nashuku. Ila shukuni huku mkiuliza, msishuku huku mkikimbia.

Na kile kitambaa cha maziko? Ndicho hiki nilichojifunga kichwani leo.