Rubani wa Ndege za Kukodi na Kiti cha Mama

Ndugu, jamaa na marafiki, familia imenipa kazi ambayo sikuiomba, kuwasomea maisha ya marehemu kaka yangu.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, kifungua mimba wa mama yetu huyu aliyeketi mbele, akasoma shule ya msingi hapa mtaani, sekondari akakaa bweni, kisha akahitimu chuo cha urubani mwaka 1989, na tangu hapo jina lake likasahaulika, akawa Rubani hata kwa fundi viatu.

Aliajiriwa na shirika la ndege za ratiba, zile za kukata tiketi, mwaka 1994 akamwoa shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti mmoja. Miaka hiyo kanuni za shirika ziliruhusu ndugu wa mfanyakazi kukalia kiti kilichokosa abiria, basi mama alisafiri hadi tukamtania kwamba anavijua viwanja vya ndege kuliko rubani mwenyewe.

Mwaka 2003 alihamia kampuni ya ndege za kukodi, na huko sheria ni nyingine, aliyekodi amekodi ndege nzima, hata viti vitupu ni vyake, na ndege ndogo inaruhusiwa kuwa na rubani mmoja tu. Mwaka huohuo mama mdogo alifariki, na kwa kuwa mazoea yana taabu, kaka alimwahidi mama kiti cha kwendea mazikoni, mama akafika uwanjani na mkoba wake, mteja akakataa, na kaka akaruka na viti vinne visivyo na mtu. Mama hakumzika mdogo wake. Baadaye alimwambia kaka, “Mwanangu, ungeniambia mapema ningepanda basi,” na hakupanda tena ndege.

Kuanzia hapo kaka aliruka peke yake, akala peke yake katika nyumba za wageni akisubiri wateja wamalize shughuli zao, na hata nyumbani, anasema shemeji, alikaa kama mtu anayesubiri kuitwa. Alikuwa mpweke, nami naumia kulisema.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka jana, na alifariki tarehe 14 mwezi huu katika hospitali ya mbali, mama akiwa bado njiani, ndani ya basi. Kumrudisha nyumbani tulikodi ndege, safari hii viti vyote vilikuwa vyetu, na mama alipanda, akakaa kando ya jeneza hadi tulipotua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi matangani, na wafanyakazi wenzake wa kampuni zote mbili.

Kaka, pumzika kwa amani, mama ameshafika.