Mama Pete Anaiaga Maabara

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha kemia shuleni kwetu, Mama Pete anastaafu rasmi tarehe 30 Novemba. Jina hilo tulimpa sisi wanafunzi, maana kila kipindi chake huishia na pete za kaboni sita ubaoni na chaki hadi kwenye nyusi zake. Walimu wawili wa kemia tulio nao leo ni matunda yake.

Wengi watamkumbuka kwa somo la dienofili. Dieni ni molekuli yenye kaboni nne na elektroni tele, hueleza, lakini ili kufunga pete inahitaji mwenzi. Dienofili huja na kaboni mbili, huvuta zile elektroni, huishika dieni ncha zote mbili kwa mpigo, na pete imefungwa. "Haisalimii kwa mkono mmoja, wanangu. Inakumbatia!"

Siku ya wazazi mwaka huu mambo yalimgeukia. Dieni aliyoitumia hutakiwa kutengenezwa na kutumika siku hiyohiyo. Yeye, kwa kutaka asubuhi nyepesi, aliitengeneza jana yake akaiacha mezani. Akaimimina kwenye dienofili mbele ya maabara iliyofurika. Tukangoja fuwele. Wapi! Baba mmoja akauliza kama umeme umekatika. Mama Pete akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Nimeumbuka! Ngoja niirudishe kwenye moto. Wewe mkimya wa nyuma, njoo uwaeleze wazazi kilichotokea."

Mkimya huyo ni mimi. Nasoma kwa lugha mbili, na mbele za watu zote mbili hunikimbia. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini jibu nilikuwa nalo, na yeye alishanipa mgongo, yuko na mtambo wake wa kukeneka, unaogeuza mvuke kuwa matone, hana hata mpango wa kuniokoa. Nikasema: dieni ikikaa muda mrefu bila mgeni, molekuli moja huwa dienofili ya nyingine. Zinaungana zenyewe kwa zenyewe. Dienofili yetu ikifika, haikuti wa kuipokea, mpaka moto uzitenganishe tena.

"Kumbe wameoana ndugu kwa ndugu!" mama yangu akadakia. Maabara nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka, nikaendelea kueleza hadi matone mapya yakapatikana na fuwele nyeupe zikajaa chupani.

Mkuu wa shule alipanga wasifu huu usomwe na makamu wake. Mama Pete akakataa: "Asome mkimya."

Basi ndimi huyu nasoma, Mwalimu. Hata wa nyuma wananisikia. Asante kwa kunivuta. Nenda na afya tele, na kila asubuhi yako iwe nyepesi kama ile uliyoitamani.