Ardelia Gaskin Stallworth na Somo Aliloliombea Sheria

Mchungaji Tisdale, mashemasi, watoto wa marehemu, ndugu mliotoka Detroit na Jacksonville, majirani na wote mliokusanyika leo Jumamosi, tarehe 3 Agosti 2024, katika Kanisa la Mount Nebo, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, na naomba mnivumilie, kwa sababu yeye hakupenda jambo lisomwe nusu.

Marehemu Ardelia alizaliwa tarehe 11 Machi 1950, nyumbani, katika mtaa wa Gaskin Quarters, Kaunti ya Ashbel, kusini mwa jimbo letu, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Eustace Gaskin, aliyelima karanga katika shamba la kukodi, na marehemu Mama Leontyne, akitanguliwa na kaka yetu Dorsey, ambaye naye ametangulia mbele ya haki, na kufuatiwa na mimi, Ozella, ninayesoma. Alibatizwa katika kanisa hili mwaka 1959.

Alisoma shule ya watu weusi ya kaunti kuanzia mwaka 1956 hadi alipomaliza sekondari mwezi Mei 1968, kisha akaenda chuo cha ualimu, akahitimu tarehe 4 Juni 1972. Miaka miwili kabla hajahitimu, shule zetu ziliunganishwa na za wazungu, ile yetu ikafungwa, na shamba la shule hiyo la mafunzo, ambalo baba yetu alisaidia kulilima kwa nyumbu wake mwenyewe, likamwagiwa lami likawa maegesho ya magari, na dada alipopita pale mara ya kwanza alisema neno moja tu, "Haya," akaendelea na safari.

Tarehe 21 Agosti 1972 aliajiriwa kufundisha darasa la tatu katika Shule ya Msingi Willow Branch, na hapo alikaa hadi alipostaafu tarehe 29 Mei 2015. Masika ya mwaka wake wa pili alianzisha bustani kando ya uzio, akapanda sukuma wiki, viazi vitamu na karanga, lakini somo lenyewe la kilimo halikuwemo kwenye ratiba, alilifundisha wakati wa mapumziko na baada ya kengele, na kila mkuu mpya wa shule alipoingia ilibidi dada akaombe upya, mmoja akikubali, mwingine akisema watoto wanachafua korido, na mwaka 1998 yupo aliyeipitishia trekta kwa sababu alama za mtihani wa kusoma zilikuwa zimeshuka. Ndipo alipoanza kusema kwamba bustani isiyo na sheria ni mgeni, siku yoyote huonyeshwa mlango, na kwamba sheria ya jimbo inayoweka kilimo sekondari peke yake inamchelewesha mtoto, maana akifika huko ameshajua kuudharau udongo.

Alifunga ndoa na Lucious Stallworth Jumamosi ya tarehe 15 Juni 1974, hapa hapa Mount Nebo, bwana harusi akiwa ametoka kumaliza utumishi wake katika jeshi la Marekani. Walijaliwa watoto wawili, Renita mwaka 1976 na Cordell mwaka 1979, na wajukuu watano. Shemeji Lucious alikuwa mtu wa utani, na wageni wakija alikuwa akiwaambia, "Karibuni, mke wangu yuko shambani kwa mke mwenzake," naye dada akijibu akiwa huko huko bustanini, "Mke mwenzangu halalamiki chakula!" Shemeji alitutoka tarehe 17 Novemba 2009, na tangu hapo dada alipunguza maneno na kuongeza barua kwa wabunge.

Barua hizo zilimleta Mheshimiwa Harlan Creel, mbunge wetu katika Bunge la jimbo wakati huo, naye mwenyewe mkulima wa karanga, ambaye aliahidi kuitembelea bustani Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2013. Wengi wenu mnaijua habari hiyo kwa namna mbalimbali, nami naisoma kama ilivyokuwa. Karanga zilikuwa ndio kwanza zimechomoza, miche ya majani mawili matatu chini ya matandazo ya majani ya msonobari, na Alhamisi jioni, dada akiwa kwenye kikao cha walimu, wanafunzi wake waliamua kumwandalia mgeni mahali. Wale wanaokaa huku Quarters wanajua, uani kwa bibi zetu hapaachwi hata unyasi, hufagiliwa kwa fagio la vijiti mpaka udongo ung'ae na mistari ya fagio ionekane, na mgeni wa heshima hapokelewi penye takataka. Basi watoto walileta mafagio ya bibi zao, wakafagia matandazo, wakafagia na miche, wakachora mistari mizuri kutoka uzio hadi ukuta.

Asubuhi Mheshimiwa alisimama mbele ya udongo mtupu, akavua kofia, akauliza, "Mwalimu, karanga ziko wapi?" na kabla dada hajafungua kinywa, mtoto mmoja wa kike akasema kwa furaha, "Tumekufagilia, Mheshimiwa!" Mzee yule alicheka mpaka akashika uzio, kisha akauliza, "Ninyi wajukuu wa wakulima, mche wa karanga hamuujui?" na mwingine akamjibu, "Babu yangu yuko kiwanda cha kuku, mzee. Karanga tunanunua dukani, zina chumvi." Hapo hakucheka tena. Dada, ambaye alikuwa amesimama pembeni mikono kifuani, alimwambia, "Nilitaka uone bustani, Mheshimiwa, lakini umeona sababu." Alikataa watoto wale wasemwe hata kidogo, akawaambia wamefagia vizuri, na Jumatatu walipanda upya.

Mheshimiwa aliwasilisha muswada wa kupanua elimu ya kilimo hadi shule za msingi, na tarehe 12 Februari 2014 dada aliitwa kutoa maelezo mbele ya kamati ya elimu, mimi nikiendesha gari. Alivaa suti yake ya Pasaka, akasema kwa ufupi, wakamsikiliza, na mambo yalikuwa yakienda vizuri mpaka mbunge mmoja mama alipouliza kama mwalimu wa somo hilo awe na cheti cha ualimu wa kilimo, au mwalimu yeyote anayependa bustani anatosha, kisha akaongeza, kwa wema kabisa, "Maana naona, Mama Stallworth, wewe cheti hicho huna, na ningependa sheria hii ikuachie nafasi." Nasema wazi kwamba kazi hiyo dada aliitamani kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitamani, darasa la kilimo la mchana kweupe, lenye kengele yake kwenye ratiba, yeye akiwa mbele. Alijibu, "Andikeni cheti, Mheshimiwa. Wakiruhusiwa kuweka yeyote, watamweka yeyote, na saa ya kilimo itakuwa saa ya kuangalia televisheni. Cheti kiende kwa aliyemaliza masomo, na mimi sijamaliza."

Wakaandika hivyo. Tulipokuwa njiani kurudi nilijaribu kumsemesha, akaniambia, "Usinianze, Ozella." Tulipita kaunti tatu, mashamba yote yakiwa matupu kwa majira ya baridi, kisha akasema akitazama dirishani, "Lakini ningewafundisha vizuri."

Sheria ya majaribio ilitiwa saini mwezi Aprili 2014 kwa shule chache, na kaunti yetu haikuwemo, dada akastaafu akiwa bado anaisubiri. Sheria ya pili, iliyoifungulia kila kaunti mlango, ilipita mwaka 2021, na mwezi Agosti 2022 Willow Branch ilipata mwalimu wake wa kwanza wa kilimo, Bi. Jaleesa Boykin, aliyepita darasa la tatu mikononi mwa dada. Lakini Shule ya Msingi Needham, upande wa pili wa mto, ilitangaza nafasi hiyo hiyo na hakuna mwenye cheti aliyeomba, na hadi leo ninaposoma hakuna. Januari 2023 dada, akiwa na miaka sabini na miwili, alijiandikisha chuoni kusomea cheti hicho.

Nilimuuliza kama amekuwa mtoto, akasema, "Needham hawana mtu." Nikamwambia, "Na ukimaliza utakuwa na umri gani?" akanijibu, "Umri ule ule nitakaokuwa nao nisipomaliza." Figo zake zilikuwa zimeanza kushindwa tangu Oktoba 2022, naye alikuwa akisafishwa damu kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, akisoma vitabu vyake vya udongo na mifugo akiwa kwenye kiti cha mashine, na wauguzi wakimtania, "Bibi, leo mtihani wa ng'ombe au wa nguruwe?" Alifaulu masomo yote ya darasani. Lililobaki lilikuwa zoezi la kufundisha, muhula mmoja chini ya mwalimu mwenye cheti, na mwalimu huyo alikuwa Bi. Boykin, ambaye alimwambia kwa aibu, "Mwalimu, mimi nitakukaguaje wewe?" naye akamjibu, "Kwa kalamu nyekundu, binti yangu, na usinihurumie."

Alhamisi ya tarehe 25 Julai 2024, saa kumi na moja alfajiri, akijiandaa kwenda kliniki, moyo wake ulisimama, nyumbani kwake, Renita akiwa naye. Zoezi lake la kufundisha lilikuwa lianze keshokutwa, Jumatatu ya tarehe 5 Agosti, shule zitakapofunguliwa.

Chuo kimetuandikia kwa upole kwamba kinaweza kumpa cheti cha heshima. Renita, Cordell na mimi tumekaa, tumeshukuru, na tumekataa, kwa sababu yeye mwenyewe alikwisha kusema mbele ya wabunge cheti kiende kwa nani. Tunaomba badala yake kijana yeyote aliyemo humu ndani, mwenye miguu ya kuvuka mto, aende akasome, kisha aende Needham. Vitabu vyake viko kwangu, na mlango sifungi.

Familia inamshukuru Daktari Ravenel na wauguzi wa kliniki ya figo, majirani wa Gaskin Quarters mliompeleka na kumrudisha kwa zamu bila kuulizwa, walimu wenzake wa Willow Branch wa zamani na wa sasa, Mheshimiwa Creel aliyefika leo kwa mkongojo, kina mama wa jikoni wa Mount Nebo, na Bi. Boykin, ambaye ametuambia kwamba Jumatatu atafundisha somo lile ambalo dada alikuwa ameliandaa, kama lilivyoandikwa.

Dada, tulitamani tukuone ukisimama pale mbele, hata kwa siku moja. Lala kwa amani katika udongo ulioupenda.