Sindano ya Pili ya Wendelin Ligonja

Baba Paroko, wanajumuiya wa Katindiuka, ndugu mliovuka mto kutoka Lupiro na ninyi mliofika kwa treni kutoka Mlimba, maisha ya marehemu Wendelin Kelestini Ligonja yameelezwa na mjane wake, Mama Theodosia, yameandikwa na binti yake Oliva, na yanasomwa na mdogo wa marehemu, Anselim Kelestini Ligonja, ambaye ameombwa asiruke hata mstari mmoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Septemba 1943, milimani upande wa Mahenge, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Kelestini Ligonja, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya misheni kuanzia 1952 hadi 1955 alipomaliza darasa la nne, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba barua nyingi za ukoo huu, zikiwemo zile za posa ya huyu mdogo wake anayesoma hapa, aliziandika yeye.

Tarehe 24 Juni 1967 alifunga ndoa takatifu na Theodosia, wakajaliwa watoto sita, wawili wakatangulia mbele ya haki, na walio hai ni Oliva, Fridolin, Rosemery na Levina, kitindamimba wake, ambaye harusi yake imepangwa Jumamosi ijayo, tarehe 18 Julai 1998.

Kuanzia 1976 marehemu alifanya kazi ya kupakia magunia ya mpunga kwenye mabehewa pale stesheni ya Mlimba, kazi aliyoifanya miaka kumi na mitatu bila kusingizia ugonjwa hata siku moja, hadi tarehe 3 Machi 1989 alipoteleza kwenye ubao akiwa na gunia begani, na tangu siku ile mgongo ukawa adui yake, akarudi Katindiuka kulima, akipalilia kwa magoti, akila amesimama, na asubuhi akihitaji mikono miwili ya mke wake ili ainuke kitandani.

Mwezi Machi mwaka huu Daktari Maximilian wa hospitali yetu, ambaye kwa miaka mingi ameitumia mashine ya ultrasaundi kuiona sindano anapotoa usaha kwenye ini, alimweleza kwamba kwa mashine hiyohiyo anaweza kuifuata sindano mgongoni hadi kwenye neva inayobeba maumivu, akaizima kwa muda, na hakumdanganya, alimwambia wazi kwamba dawa hiyo haiponyi bali inapumzisha, na kwamba baada ya miezi mitatu atapaswa kurudi. Mashine hiyo imewekwa chumba cha wajawazito, hivyo Jumanne tarehe 10 Machi marehemu alikaa benchi moja na akina mama, kofia imefunika uso, akaingia, akapakwa ule ute wa baridi, akalala kifudifudi akimsikia daktari akisema, "Tulia mzee, naiona, bado kidogo, hapo hapo." Usiku ule alilala hadi jogoo, na wiki ya pili aliendesha baiskeli, akarudi na kambare wawili, akamwambia Levina, "Nitakuingiza kanisani kwa miguu yangu, bila fimbo." Hilo tu ndilo alilolitaka duniani, wala halikuwa kubwa.

Sasa yanafuata mambo ambayo Mama Theodosia anasema asingependa kuyataja, lakini yatatajwa. Habari ya benchi ilifika kilabuni, na jioni moja ya mwezi Mei, marehemu akiwa amekaa wima pale kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, mtu mmoja alimwuliza mbele ya watu, "Kaka, mashine imeonyesha nini, wa kiume au wa kike?" Kilabu kizima kikaangua kicheko, na tangu siku ile watu wazima, wengine mmekaa hapa na leso mkononi, mlimwamkia "Shikamoo, mama kijacho," mkaona mmesema jambo la maana. Tarehe 9 Juni, siku ya sindano ya pili, marehemu alivaa shati, akafika mlangoni, akavua shati. Mke wake alimsihi, akamjibu, "Theodosia, sirudi kwenye lile benchi."

Maumivu hayakungoja vicheko viishe. Jumamosi tarehe 20 Juni alichukuliwa kwa baiskeli hadi kwa Nickolaus, yule anayejiita dokta, ambaye hajasomea kitu, anachoma watu sindano jikoni kwake, sindano moja kwa watu wengi, akiichovya kwenye sufuria yenye ukoko wa ugali, na akampapasa marehemu mgongo kwa kidole chenye kucha nyeusi, akachoma kwa kubahatisha mara nne, akisema mwanamume hahitaji picha. Baada ya siku tano mgongo ulivimba, ukanuka, na mjane aliyeuosha kwa mikono yake anasema harufu ile haijamtoka puani hata leo.

Alilazwa hospitalini tarehe 27 Juni, na mashine ileile ya wajawazito ndiyo iliyoonyesha usaha ulivyotapakaa, madaktari wakautoa mara mbili, lakini sumu ilikuwa imeingia kwenye damu, na Ijumaa tarehe 10 Julai, saa nane mchana, alifariki dunia. Wako wanaonong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Sikio la Wendelin liliisikia dawa vizuri sana, kilicholiziba ni vicheko.

Familia inamshukuru Daktari Maximilian na wauguzi wote, majirani waliokesha nasi, wenzake wa stesheni ya Mlimba walioleta jeneza, na kwa namna ya pekee Bi Kristina, ambaye tarehe 10 Machi, akiwa na mimba ya miezi minane, aliinuka kwenye benchi ili mzee apate kukaa, wala hakucheka. Suti aliyovaa marehemu ndani ya jeneza ilishonwa kwa ajili ya harusi ya Levina.

Mtu aliyeuliza lile swali kilabuni, na ambaye baadaye alimpakia marehemu kwenye baiskeli kumpeleka kwa Nickolaus, ni Anselim Kelestini Ligonja, anayesoma hapa. Wasomaji wengine walikuwepo. Mama Theodosia amemchagua yeye kwa sababu sauti iliyosikika kule ndiyo inayostahili kusikika na hapa, na amesema akimaliza aikunje karatasi hii, amkabidhi Levina, halafu Jumamosi ijayo, mkono ambao baba yake hakufika kuutoa, autoe yeye Anselim, amwingize Levina kanisani, na atembee polepole, watu wote wamwone.

Wendelin, mgongo wako umenyooka na hakuna wa kukucheka tena, pumzika kwa amani.