Maisha ya Mzee Wilfred Luvanda, Aliyeandika Sita Badala ya Saba

Mzee Wilfred Luvanda aliacha agizo moja kubwa kuhusu wasifu huu: asisifiwe. Yeye mwenyewe aliwaandikia watu wasifu mia mbili na kumi na nne, na alijua jinsi maneno yanavyoweza kumpaka marehemu rangi mpaka ndugu zake wasimtambue. Basi, ndugu waombolezaji, mtatuvumilia. Wasifu huu unasomwa na mwanawe Sebastian, kama marehemu alivyotaka, na hakuna kilichofichwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Bulongwa, Makete, akiwa mtoto wa pili wa Bibi Monica. Alibatizwa akiwa na wiki tatu, katika baridi ambayo Bibi Monica aliisimulia mpaka uzee wake kana kwamba ilikuwa jana. Baba yake alifariki mwaka 1975. Mwaka uliofuata Bibi Monica alifunga mizigo, akawachukua wanawe Fransis na Wilfred, akashuka nao hadi Dar es Salaam na kupanga vyumba viwili Chang'ombe.

Alisoma shule ya msingi Bulongwa kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Hesabu zilimshinda kabisa, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, hata mwalimu alimpa kazi ya kuandika tarehe ubaoni kila asubuhi. Hakuendelea na sekondari. Hilo hakuwahi kulilalamikia.

Mwandiko huo ndio uliomlisha. Alianza kama kibarua kiwandani Chang'ombe, akiandika majina kwenye maboksi, na mwaka 1981 akafungua banda lake la kuandika mabango. Aliandika saluni, maduka ya dawa, milango ya malori na misalaba ya makaburini. Wazee wa Chang'ombe watakumbuka lori alilotakiwa kuliandika MUNGU NI MWEMA. Marehemu alizipenda herufi zake nene, nafasi ikamwishia, ikatoka MUNGU NI MWEM. Mwenye lori alikuwa na haraka, akaondoka nalo hivyo hivyo, na kwa miaka miwili dereva wake aliitwa Mwem. Marehemu alicheka na wenzake, lakini kila lori lile lilipopita alikuwa akiinamisha kichwa. Herufi moja iliyoachwa nje ilimuuma kama jino.

Kwa kuwa aliandika misalaba, watu walianza kumwomba awaandikie na wasifu. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisani, mwaka 1986 usharika ulimpa darasa la kipaimara. Alifundisha kwa miaka thelathini na mitatu. Wengi mlioko hapa mlipita mikononi mwake, na mnakumbuka alivyowasimamisha mmoja mmoja mseme bila kubabaika kwamba mtu huhesabiwa haki mbele za Mungu kwa imani, wala si kwa matendo yake. Aliyekosea alirudia. Aliyepatia alipewa peremende.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu alisema tusiruke.

Mwaka 1983, kabla ya ndoa na kabla ya ualimu, marehemu alizaa binti na Chausiku, dada mmoja wa Kunduchi aliyekuwa akiuza samaki soko la Temeke. Chausiku alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Bibi Monica alimchukua mtoto, akambatizisha kwa jina la Adelina, akamlea Chang'ombe. Majirani waliambiwa ni mtoto wa ndugu kutoka Makete. Marehemu angesema ukweli angefungiwa meza ya Bwana na kuvuliwa ualimu mpaka arudi kundini mbele ya usharika wote, naye ndiyo kwanza alikuwa amepewa darasa. Akanyamaza. Adelina alipofika miaka kumi, Bibi alimweleza ukweli na kumwambia avumilie. Alivumilia. Alimwita baba yake "Mwalimu" kama watoto wengine, na katika darasa la kipaimara ndiye aliyekula peremende nyingi kuliko wote.

Tarehe 10 Septemba 1988 marehemu alifunga ndoa na Eufrazia, aliye hapa mbele yenu. Mungu aliwajalia watoto watatu: Sebastian, Deogratias na Monica. Eufrazia naye alijua Adelina ni mtoto wa ndugu. Alimsuka nywele kila Jumamosi bila kujua anamsuka nani.

Juni 1997 Bibi Monica alifariki. Adelina, akiwa na miaka kumi na minne, ndiye aliyemwogesha na kumlisha uji kwa miezi mitano. Siku chache kabla ya kukata roho, Bibi alimshika marehemu mkono akamwambia, "Wilfred, safari hii umwandike." Marehemu aliahidi. Aliandika kwenye wasifu wa Bibi: ameacha watoto wawili na wajukuu saba. Kaka yake Fransis alikuwa na watoto watatu, yeye watatu, na Adelina wa saba.

Asubuhi ya mazishi, Jumamosi tarehe 14, wazee wa kanisa walifika wakaketi mstari wa mbele. Marehemu aliwatazama. Akatoa kalamu mfukoni, akakata saba, akaandika sita. Alipousoma, Adelina alikuwa amekaa kwenye mkeka na sketi yake ya shule, akihesabu kwa vidole. Aliposikia sita, alitazama vidole vyake, kisha akamtazama Mwalimu wake. Marehemu aliendelea kusoma mpaka mwisho, na sauti yake haikutetereka. Hilo la sauti kutotetereka ndilo alilolirudia mara nyingi kuliko yote alipotusimulia.

Matanga hayajaanuliwa, Adelina akaondoka na nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki. Marehemu alikwenda Kunduchi kwa wajomba wa binti, wakamwambia alilala siku mbili akaondoka na mama mmoja kuelekea kusini. Hakuonekana tena.

Tangu siku hiyo marehemu hakumkatalia mtu wasifu. Na kila msiba alidai majina ya watoto wote, wa ndani na wa nje, la sivyo haandiki. Kwenye msiba mmoja wa Mbagala alisoma watoto tisa, na mjane alikuwa akiwajua watano. Ilibidi vijana wamtoroshe Mwalimu kwa mlango wa uani. Tulimwona mkorofi. Familia ilipohamia Bunju mwaka 2006, alichelewesha safari miezi minane akiuliza, "Mtu akija kututafuta hapa atatukuta wapi?" Hatukujua ni mtu gani. Mwishowe aliandika ubao kwenye geti la Chang'ombe: FAMILIA YA LUVANDA TUMEHAMIA BUNJU. KARIBU. Kila mwaka alirudi kuupaka rangi upya. Tulidhani ni uzee.

Mwezi Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa kwa zaidi ya mwaka. Mwili ulipokwisha, hofu ilimshika ambayo hatukuwa tumeiona kwake. Mwezi uliopita, Januari, alimwagiza Sebastian alete nakala za wasifu zote, azipange kitandani, azihesabu. Zilikuwa mia mbili na kumi na nne.

"Zinatosha?" akauliza.

"Zinatosha kwa nini, baba?"

Hapo ndipo alipoeleza habari za Adelina, mbele ya mkewe na wanawe watatu, akilia kwa sauti. Alipomaliza akauliza tena kama zinatosha. Sebastian alisema zinatosha. "Usinidanganye," akasema. "Zote hizi haziwezi kuirudisha saba moja."

Mchungaji aliitwa. Alianza kumkumbusha kuhesabiwa haki kwa imani, na marehemu akaimalizia sentensi kabla yake.

"Hilo nalijua, Mchungaji. Nimewafundisha watoto miaka thelathini na mitatu. Liko kichwani, kifuani halishuki. Mie niambie nifanye nini."

"Hakuna cha kufanya, Mwalimu. Ndiyo maana yake."

"Basi nimekwisha," akasema, akageukia ukutani.

Siku nne hakula. Alikuwa akishtuka mchana kweupe na kuhesabu vidole vyake. Kwa mtu aliyeishi kwa kazi ya mikono, kuambiwa hakuna cha kufanya ilikuwa kama kufungiwa mlango. Tuliomba, tuliimba, tuliishiwa.

Mama Eufrazia hakusema naye siku mbili za mwanzo. Alikuwa na hasira, na haki yake alikuwa nayo. Siku ya tano alivuta stuli akakaa kando ya kitanda.

"Baba Seba, yule mtoto alikosa nini hata ukamtoa?"

"Hakukosa kitu."

"Angefanya nini basi ili ahesabiwe? Kumwogesha Bibi si alimwogesha? Kukariri si alikariri?"

"Hakuna ambacho angefanya. Ilikuwa juu yangu mie niliyeshika kalamu."

"Haya," akasema Mama. "Na jina lako wewe huko juu, kalamu umeishika wewe?"

Alimtazama. Akalia tena, lakini safari hii alikula vijiko vitatu vya uji. Akaomba karatasi. Mkono ulikataa, hivyo akamwambia Sebastian aandike mstari mmoja wa wasifu huu, ule wa watoto wake, na mengine yote mazuri ayafute. Kisha akauliza, "Na mie, Mama Seba? Mie nimo?"

"Umo," akasema Mama.

"Una uhakika?"

Aliuliza hivyo mara nyingi katika siku zilizobaki. Tungependa kuwaambia kwamba hofu ilimtoka. Hatujui. Siku ya Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani Bunju, aliuliza kwa mara ya mwisho, "Nimo?" na kabla Mama hajamjibu akawa amefariki. Mama alimjibu hata hivyo.

Marehemu ameacha mjane, Eufrazia, kaka mmoja, Fransis, wajukuu watano, na watoto wanne. Wa kwanza ni Adelina. Wa pili ni Sebastian, anayewasomea, ambaye kwa miaka thelathini na mitano aliitwa wa kwanza. Wa tatu ni Deogratias, na wa nne ni Monica. Hatujui Adelina yuko wapi, wala kama yu hai. Hajafanya lolote ili awe kwenye orodha hii. Yumo.

Kwa desturi, udongo wa kwanza ni wa mtoto mkubwa. Kwa hiyo, ndugu zetu, tunaomba koleo ziwekwe chini kwanza. Dada Adelina, kama tangazo tulilotoa redioni lilikufikia, kama uliuona ule ubao wa Chang'ombe, kama umesimama huko nyuma kwenye watu usiowajua, pita mbele. Tutakusubiri kidogo.

Na wewe, baba, umo. Lala kwa amani.